Heko kwa Wahandisi wa Bonde la Kabaw

Hapa Sindo, Nyanza, ukitaja keya, yaani askari Mwafrika wa jeshi la Waingereza, fikra humwendea mwenye bunduki. Mimi nampongeza mwenye shoka na sururu.

Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye wanaume wa Kenya, Nyanza ikiwemo, ilishuka Bonde la Kabaw huko Burma ikiwafukuza Wajapani. Mvua za monsuni zilikuwa zimepamba moto na tope likameza magari. Wahandisi wa divisheni wakakata miti, wakalaza magogo ubavu kwa ubavu hadi barabara ikapatikana, malaria ikiwaandama. Bila wao magari ya chakula na risasi yasingefika mbele, wala ya majeruhi kurudi nyuma. Huo kwangu ni ushujaa kamili.

Mji wa Kalewa ulitwaliwa mwanzoni mwa Desemba. Hapo, juu ya mto Chindwin, wahandisi wa jeshi, Wahindi wakiwa wengi, wakaunga daraja la Bailey linaloelea, mita 350 hivi. Kila fremu ya chuma ilikuwa na kilo 260 hivi, ikibebwa na watu sita kwa mikono! Vifaru vikavuka kuelekea mji wa Mandalay, uliokombolewa Machi 1945.