Taa Moja, Swichi Tatu: Namna ya Kuitambua Kazi ya Fundi

Ukitaka kumpima fundi umeme, usimpime kwa taa ya sebuleni yenye swichi moja. Hiyo karibu kila mtu anaifunga ikawaka. Mpime kwa chumba cha kulala chenye taa moja na swichi tatu: moja mlangoni, nyingine mbili huku na huku kwenye kitanda. Hapo hakuna swichi yenye upande wa kuwasha na upande wa kuzima. Kila moja inageuza tu hali ya taa, hata zile nyingine zikiwa zimekaa vyovyote.

Swichi tatu zina mikao minane. Ipitie yote, ukibonyeza moja moja, na kila mbonyezo uibadilishe taa. Kasoro iliyozoeleka ni swichi ya kitandani kukubali pale tu ile ya mlangoni inapokuwa imebonyezwa chini. Utaambiwa swichi ni mbovu, ukanunue nyingine. Mara nyingi swichi ni nzima kabisa, ila waya umechomekwa pasipo pake. Swichi ya mwanzo na ya mwisho huitwa tuwei; kila moja ina tundu tatu za kufungia waya, moja imeandikwa COM na nyingine mbili L1 na L2, na mpangilio wake hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Fundi anayefunga kwa mazoea bila kusoma maandishi hukosea hapo. Anayejua huanza kwa kuitafuta COM: waya wa moto unaingia kwenye COM ya tuwei ya kwanza, COM ya tuwei ya mwisho inapeleka umeme kwenye taa, na kati yao hupita nyaya mbili.

Swichi ya katikati ndiyo inayonivutia zaidi. Inaitwa intamidieti na ina tundu nne. Kazi yake ni kuzipitisha zile nyaya mbili moja kwa moja, au kuzipishanisha. Hata ngazi ya ghorofa ikihitaji swichi tano, tuwei hubaki mbili za mwisho na zote za kati huwa intamidieti. Kwa hiyo fundi akirudi kutoka dukani na tuwei tatu kwa ajili ya swichi tatu, msimamishe kabla hajashika bisibisi.

Sasa jambo zito. Taa inaweza kuwaka na kuzima barabara katika mikao yote minane na bado kazi ikawa ya hatari. Wapo wanaookoa waya kwa kupeleka moto na nyutro kwenye swichi zote za mwisho, kisha kila COM inakwenda upande mmoja wa holda. Taa huzimika ama pande zote mbili za holda zikiwa nyutro, ama zote mbili zikiwa na moto. Mtu anayebadilisha balbu gizani hajui amepata bahati ipi. Kazi hiyo ikatae, hata ikiwa imekwisha kupakwa rangi. Kuigundua si kugumu: katika mikao minane, taa huwa imezimwa katika minne. Mwambie fundi apime kati ya holda na ethi katika kila mmoja wa hiyo minne. Mita ikionyesha karibu volti 230 hata mara moja, taa imezimwa lakini holda ina moto. Swichi inapaswa kukata moto, si nyutro.

Balbu ya LED inayobaki na mwanga hafifu usiku inahitaji uamuzi wa haki. Pengine swichi inakata nyutro, na hilo ni kosa. Pengine kila kitu ni sahihi, ila nyaya zimetembea sambamba mbali sana na umeme kidogo unapenya kutoka waya wenye moto kwenda ule ambao hauna. Usimlaumu fundi kabla ya kupima kwenye swichi.

Breka ikiwa imezimwa na fundi amehakikisha hakuna umeme, mwambie afungue kisanduku kimoja mbele yako. Shaba isionekane nje ya tundu. Waya mwembamba wa milimita 1.5 za mraba uwe umekunjwa ncha ili skrubu iubane vizuri. Ukiuvuta kidogo, usicheze. Uwepo urefu wa kutosha kuitoa swichi nje bila kung'ang'ana. Waya wa bluu uliotumiwa kubeba moto uwe umefungwa tepu ya kahawia. Katika nyumba za zamani moto ni mwekundu na nyutro ni nyeusi, na fundi mzuri huweka alama pale rangi mpya zinapokutana na za zamani. Lakini ukikuta waya wa kijani chenye mstari wa njano umefanywa njia ya moto kwa sababu rangi nyingine ziliisha, kazi hiyo ifumuliwe. Rangi hiyo ni ya ethi tu.

Kwenye ngazi, angalia pia kama moto umetoka kwenye sakiti ya ghorofa ya chini huku nyutro ikitoka kwenye ile ya juu. Dalili yake ni breka ya kuzuia umeme unaovuja kukatika kila taa inapowashwa. Wengine huiondoa breka wakidhani ndiyo mbovu. Mwite fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, azirudishe nyaya hizo mbili kwenye sakiti moja.