Kabla ya Kufunga Kadi

Swali la kwanza la fundi halihusu kompyuta. "Unaifanyia kazi gani, mdogo wangu?" Kijana aliyeibeba mashine hadi kwenye meza hii ya Kariakoo anahariri video za harusi na sendofu, naye anataka kadi ya grafiki iitwayo GTX 1060 kwa sababu rafiki yake anayo. Fundi hasemi ndiyo wala hapana. Anaigeuza mashine, anafuta vumbi kwa kidole gumba, anasoma kibandiko: Dell OptiPlex 9020, mnara mdogo.

Maneno mawili ya mwisho ndiyo aliyokuwa akiyatafuta. OptiPlex 9020 ilitoka mwaka 2013 kwa ajili ya maofisi, na nyingi tunazoziona leo ni mtumba uliomaliza utumishi wake Ulaya. Jina ni moja, maumbo ni kadhaa. Umbo jembamba halipokei kadi ya kawaida, maana bamba la chuma la kadi hiyo lina urefu wa sentimita 12 na nafasi ya nyuma ya kasha ni kama sentimita 8 tu. Hilo hutaka kadi fupi yenye bamba fupi. Umbo dogo kuliko yote halina sloti kabisa. Muuzaji atakwambia "9020" na kunyamaza hapo. Fundi anaandika "mnara" kwenye kipande cha boksi na kupiga mstari chini yake.

Anavuta kitasa, ubavu wa kasha unaachia. Vumbi la miaka limeganda kwenye mapezi ya kipoza joto. Analipuliza kwa pampu huku kidole kimezuia feni isizunguke, kisha anamalizia pembeni kwa brashi ya rangi. Sasa mazabodi inaonekana, na sloti zake nne. Mbili kati ya hizo ni ndefu, zinafanana, na hapo ndipo wengi hujichagulia yoyote. Moja ina njia 16 za data kamili. Nyingine ina umbo la njia 16 lakini nyaya zake ni za njia nne tu. Kadi ingeingia kwenye zote mbili na picha ingetoka, ila kwenye ile ya pili ingekuwa inapumulia tundu la sindano. Fundi anamulika tochi, anasoma maandishi madogo yaliyochapwa kando ya sloti, kisha anapima kwa rula: kutoka ukuta wa nyuma hadi kizimba cha hadidiski, halafu kutoka sloti hadi kebo iliyo jirani. Vipimo vyote viwili vinaingia kwenye boksi lake.

Kisha anahamia kwenye pawa saplai, na hapa anakaa muda mrefu kuliko popote.

Kibandiko kinasema wati 290. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha nne, na hiyo hesabu yake ni wati 84. Anaongeza hadidiski, ramu, feni. Bado kuna nafasi. Lakini jumla ya wati si swali pekee. Lipo pia swali la njia ambayo umeme utapitia. Sloti yenyewe inaruhusiwa kutoa wati 75, basi. Kadi inayotaka zaidi lazima iletewe umeme kwa kebo yake, yenye pini 6 au 8, moja kwa moja kutoka pawa saplai. GTX 1060 inakula wati 120. Fundi anafuata kila waya kwa ncha ya kalamu, fungu kwa fungu, hadi mwisho wake. Kebo ya kadi haipo. Haikuwahi kuwepo.

"Si zipo adapta, kaka?" kijana anauliza. Zipo, na fundi anazo mbili kwenye droo. Anatoa moja amwonyeshe. Upande mmoja plagi ya umeme wa hadidiski, upande wa pili pini 6 za kadi. Anaeleza taratibu: plagi ile ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea moja na nusu. Zidisha, unapata wati 54. Pini 6 za kadi zina haki ya kuomba 75. Tofauti hiyo hugeuka joto kwenye plastiki. Ile aliyoishika imeyeyuka pembe moja na kuwa kahawia. Anairudisha kwenye droo bila kuongeza neno, na nadhani anaihifadhi kwa kazi hiyo hiyo.

Kubadili pawa saplai? Zile za kawaida za dukani huja na plagi ya pini 24 ya mazabodi. Hii ina pini 8, za Dell wenyewe. Kuna kebo ya kuunganisha, ila hapo gharama inaanza kumpita mgonjwa. Kwa hiyo GTX 1060 imeondoka mezani, na haijaondolewa kwa maoni ya mtu.

Kuna njia rahisi ambayo mtu mwenye haraka angeishika: GT 1030, wati 30 tu, inaingia kila mahali. Fundi anaikataa, na hapa nikaelewa kwa nini alianza na swali la kazi. GT 1030 haina sehemu ya kusimba video, na kijana huyu kila wiki anatoa filamu za saa nzima. GTX 1050 Ti, ya mwaka 2016, inayo. Ina gigabaiti 4 za kumbukumbu na inatosheka na wati 75 za sloti. "Lakini sikiliza, zipo 1050 Ti zenye tundu la pini 6. Hizo usichukue." Anamwuliza pia monita yake ina tundu gani. VGA. Basi atahitaji adapta yenye chipu ndani, kwa sababu kadi za kizazi hicho hazitoi mawimbi ya VGA.

Kijana anatoka, anarudi na kadi kutoka duka la jirani. Fundi haifungui hata mfuko. Anaitazama kupitia plastiki: kibandiko kinasema GTX 1050 Ti, na pembeni kuna tundu la buluu la VGA. Tundu hilo linatosha kuwa ushahidi. Kadi bandia kama hii huwa na chipu za mwaka 2010 au 2011 zilizobadilishwa jina kwa programu. "Irudishe, waambie unataka isiyo na VGA."

Ya pili ni sahihi. Kabla ya kuifunga anawasha mashine bila kadi, anaingia kwenye baiosi, anahakikisha inaanza kwa UEFI na mpangilio wa picha uko kwenye chaguo la kujiamulia. Anazima, anachomoa waya wa ukutani, anabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, anagusa chuma cha kasha. Kadi anaishika kingo. Anaondoa kibamba cha nyuma, analegeza kifungo cha sloti, anashusha kadi wima na kuikandamiza kwa vidole gumba viwili, ncha zote sawasawa, hadi kifungo kilie. Nadhani haikufika dakika mbili.

Picha inatoka. Anaweka draiva, halafu anafungua GPU-Z, programu ambayo tangu mwaka 2018 huandika wazi ikikuta kadi bandia. Viini 768, sawa. Mstari wa sloti unaonyesha njia 16, lakini kasi ni 1.1. Kijana anashtuka. Fundi anabonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni, kadi inapewa kazi, namba inapanda hadi 3.0. Ilikuwa imepumzika tu. Anaacha jaribio liendelee, jicho kwenye joto na sikio kwenye feni, wakati mkono wa pili unapanga kebo zisiguse mapezi.

Kwenye boksi lake kumebaki mstari mmoja, anamkabidhi kijana: ramu ni gigabaiti 8, weka 16 kabla hujafikiria kadi nyingine.