Nili ya Kirimba

Mafundi wa kutia rangi wa visiwa vya Kirimba, ambavyo Wareno wa zamani waliviita Maluane kwa jina la nguo zake, wanastahiki sifa ambayo tarehe imewapunja. Padri João dos Santos, katika kitabu kilichopigwa chapa Évora mwaka 1609, aeleza jinsi majani ya nili yalivyopondwa, yakafanywa vipande na kuanikwa juani, hata yakafaa kutiwa nyuzi za pamba na hariri kabla ya kufumwa. Wajapani, nao mahodari wa nili, hukata nakshi katika karatasi iliyopakwa maji ya tunda liitwalo kaki, wakazuia rangi kwa uji mzito wa mchele juu ya nguo iliyokwisha kufumwa. Lakini nakshi ya fundi wetu wa Kirimba, wallahi, ilianzia uzini.