Mbegu ya Kitabuni na Mbegu ya Shambani: Lugha ya Somo la Viumbehai katika Shule za Msingi za Kitui na Makueni

Mjadala juu ya ufundishaji wa sayansi katika shule za msingi za Kenya aghalabu huelekezwa kwenye upungufu wa vifaa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Katika Kitui na Makueni somo la viumbehai lina vifaa tele: mibuyu, mchwa, nyuki, mbuzi na kunde, vyote vimo hatua chache kutoka mlangoni mwa darasa. Kinachokosekana ni lugha ya kuviunganisha na somo lenyewe.

Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera imekuwa kwamba mtoto wa shamba afundishwe kwa lugha ya eneo lake miaka mitatu ya kwanza, kisha aingie katika Kiingereza. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeubakiza mpaka huo. Hivyo mtoto wa Kikamba huiacha lugha aijuayo mwaka ule ule aanzapo kusoma Sayansi na Teknolojia.

Mfano wa mukau watosha. Mti huu, uitwao kitaalamu Melia volkensii, hustahimili ukame, na mbao zake haziharibiwi na mchwa kwa urahisi. Mbegu yake imefungwa ndani ya kokwa gumu, nayo ni shida kuota hadi kokwa livunjwe na ganda la mbegu lichanwe kidogo ili maji yapenye. Mchungaji mdogo ameyaona matunda hayo yakiliwa na mbuzi, na makokwa yakibaki zizini. Kwa nini mbegu moja huota na nyingine hulala? Hilo ni swali la sayansi, naye aweza kuliuliza kwa Kikamba. Darasani, mara nyingi, hupewa mchoro wa mbegu ya haragwe na majina ya sehemu zake ayakariri. Huweza kutaja asichokiona, asiweze kueleza akionacho.

Kalenda nayo huongeza tatizo. Mvua za Oktoba hadi Disemba ndizo za kutegemewa zaidi katika nchi hii, nazo huja wakati shule zinapofungwa. Mbegu zinapochipuka na kumbikumbi wanaporuka, mwanafunzi hana mwalimu.

Wako wanaoona kwamba dawa ni kukiweka Kiswahili mahali pa Kiingereza. Maoni hayo yastahili kupimwa. Ujirani wa lugha ni dhahiri: asemaye mũtĩ, mbua na nzũkĩ hana safari ndefu kufikia mti, mvua na nyuki. Tanzania imefundisha sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali tangu miaka ya 1960, na TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Uwezo wa lugha hauna shaka. Hata hivyo, neno "usanisinuru" likiandikwa ubaoni kabla mtoto hajainua jiwe na kuuliza kwa nini nyasi zilizo chini yake zimepauka, litakaririwa kama neno lolote la kigeni. Kosa la msingi ni kulitanguliza jina mbele ya kitu.

Jambo hili lilitambuliwa zamani. Eleanor Duckworth, alipotathmini nchini Kenya mpango wa sayansi ya shule za msingi za Afrika ulioanzishwa miaka ya 1960, aliwapa watoto vifaa akatazama watakachofanya navyo. Hakuwauliza majina.

Kwa hiyo, utaratibu unaofaa Ukambani ni mtoto aangalie na kubishana kwa Kikamba, ajifunze istilahi kwa Kiswahili, kisha apewe Kiingereza cha mtihani, hata baada ya darasa la tatu. Yafaa pia wanafunzi wapande kunde kabla ya likizo, wazing'oe Januari na kuvichunguza vifundo vya mizizi yake. Mtihani nao hauna budi kumwuliza mtoto alichokiona. Usipofanya hivyo, mwalimu atarudi kwenye mchoro wa haragwe, wala hatastahili kulaumiwa.