Nyumba Inayozeeka kwa Heshima

Waswahili tulisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini kwa Wadorze wa kusini mwa Ethiopia, katika milima ya Gamo juu ya mji wa Arba Minch, hata ukisimama nje tayari unastahili kuvua kofia.

Fundi wa Kidorze hajengi kwa misumari wala matofali. Anapasua mianzi na kuisuka kama kapu kubwa lililofunikwa, kisha analiezeka. Nyumba mpya hufikia hata mita 12 kwenda juu. Sehemu ya mbele huchomoza, na tundu mbili za moshi zikawa macho: umbo la kichwa cha tembo.

Ndani, moto huwaka katikati, na mifugo hulala humo humo ikichangia joto dhidi ya baridi ya mlimani. Nje kuna enseti, ndugu wa mgomba, ambayo shina lake huchachushwa na kuwa mkate. Wanawake wanasokota pamba, wanaume wanafuma vitambaa.

Adui ni mchwa, anayekula nyumba kutoka chini. Mdorze hukata sehemu iliyoliwa, nyumba ikafupika, maisha yakaendelea kwa miongo mingi. Ikibidi kuhama, majirani huinyanyua na kuibeba.

Hongereni, mafundi wa Dorze. Mmetufundisha kwamba jengo imara ni lile linalojua kupungua bila kuanguka, na lenye majirani wa kulibeba.