Sauti ya Pili

Kwa watu wengi wa rika langu pale Katubuka, Kigoma, Terminator 2 haijawahi kuwa muvi ya Kiingereza. Arnold Schwarzenegger anafungua mdomo, Kiingereza chake kinasikika kwa mbali, kisha sauti ya DJ wa banda la video inapanda juu yake na kutujuza kwa Kiswahili kwamba huyu ni mashine, ametumwa kutoka miaka ijayo, na safari hii hakuja kuua bali kulinda. Baadaye nilipoiona muvi hiyohiyo bila ile sauti, niliona kama mmoja wa waigizaji wakuu kaondolewa.

Nataka kuisifu kazi ya mtu huyo, maana husifiwa kwa nadra. Wajuzi wa filamu humwita mharibifu, wenye mali humwita mwizi, na hata watazamaji wake, wakishapata king'amuzi na Kiingereza cha kutosha, humkumbuka kwa kicheko kama jambo la utotoni. Mimi nasema ni fundi. Tena ufundi wake unatusaidia kuuelewa ugomvi ambao wapenzi wa bunilizi za kisayansi duniani hawajaumaliza: muvi ya zamani ikiguswa upya, toleo lipi ndilo muvi yenyewe?

DJ wa banda letu aliitazama muvi peke yake kabla ya kushika maiki mbele ya watu. Alitafuta majina, undugu, nani kamsaliti nani. Zaidi ya yote alitafuta nafasi: wapi watu wamenyamaza, wapi gari linakata kona bila mtu kusema neno, wapi muziki unatambaa wenyewe. Humo ndimo angesimulia. Jioni alikaa kando ya televisheni na deki, mikisa ndogo na maiki. Alipozungumza aliishusha sauti ya muvi. Risasi zilipoanza aliipandisha na yeye akanyamaza, kwa sababu bunduki haihitaji mkalimani. DJ mchanga huzungumza juu ya kila kitu, akamfunika staringi hata pale anapolia. DJ aliyeiva hukiacha kilio kisikike kwanza, ndipo anaingia taratibu na kusema sababu yake.

Katika Terminator 2 kuna mahali ambapo mlinzi wa hospitali ya wagonjwa wa akili anakwenda usiku kwenye mashine ya kahawa. Sakafu ni ya vigae vyeusi na vyeupe. Nyuma yake sakafu inavimba, inainuka, inatoa kichwa, mabega, mpaka inakuwa mtu mzima mwenye sura ya mlinzi mwenyewe. Katika muvi ile ya asili karibu hakuna maneno hapo. Bandani kwetu hapo ndipo DJ alipofanya kazi kubwa kuliko pengine pote, na aliifanya kwa kunong'ona. Alishusha sauti mpaka waliokaa nyuma wakasogea mbele, akasema vile si vigae, ni yule adui wa zebaki, amejilaza hapo anasubiri mtu apite. Kisha akafunga mdomo, picha ikamalizia. Sijaona mwongozaji wala mtia sauti aliyewahi kuongeza kitu kidogo namna hiyo kikaleta hofu kubwa namna ile.

Muvi za ngumi ni rahisi kusimulia. Mwalimu kauawa, mwanafunzi analipa kisasi, kila mtu anajua amshangilie nani. Muvi za kisayansi hazimpi DJ nafuu hiyo. Chukua Terminator ya kwanza, ya 1984. John Connor, kiongozi wa binadamu wa mwaka 2029, anamtuma askari wake Kyle Reese arudi nyuma akamlinde Sarah, mama yake John, na huyo Kyle ndiye anayekuja kuwa baba wa John. Jaribu kulieleza jambo hilo kwa sekunde chache, gari likiwa mbioni, mbele ya watu ambao baadhi yao nyumbani huongea Kiha, wengine ni Wamanyema wa Ujiji, na wengine wamevuka ziwa na Kiswahili chao cha Kongo. DJ wetu alilipitisha kwenye njia ya ukoo: baba hajazaliwa, mtoto ameshakuwa mkubwa, na mtoto ndiye anayemtuma baba akamtafute mama. Akaliacha hapo. Watu wanaojua kuhesabu mababu, wajomba na mabinamu hawakuhitaji mwalimu wa fizikia.

Alijua pia ni nani wamekaa mbele yake siku ile. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huvua dagaa na migebuka usiku wa giza, kwa taa, maana mwanga ndio unaowavuta samaki juu. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazifui dafu, na vyombo hupumzika. Siku hizo banda lilijaa watu waliozoea kukesha, na DJ hakuharakisha: alirefusha utangulizi, akaeleza muvi iliyotangulia kwa waliokuwa majini ilipoonyeshwa, akawasalimu waliotoka Kibirizi. Siku ya wanafunzi alikuwa mtu mwingine, mwepesi, mwenye mizaha. Na umeme ulipokatika, enzi zile mji ukitegemea mashine za dizeli kabla ya gridi ya taifa kufika, maiki ilikufa lakini yeye aliendelea kwa mdomo mtupu palepale picha ilipoishia, ili watu wasidai kiingilio chao.

Kazi hii ina nasaba ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa kikoloni ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulikuwa na makao yake Vugiri, karibu na Korogwe. Ulitengeneza filamu na kuzizungusha kwa lori Afrika Mashariki na Kati, sauti zikitoka kwenye santuri za lugha mbalimbali. Ile ilikuwa sauti ya mwenye filamu akimfundisha mtazamaji namna ya kuishi. Japani, enzi za filamu bubu, walikuwa na benshi, mafundi waliosimama kando ya skrini na kusimulia. Kaka yake Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Kwetu Tanzania jina kubwa ni Lufufu, yaani Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyefuatwa na DJ Mark na wengine. Kenya wana DJ Afro, na Kampala wana ma-VJ wao, VJ Jingo akiwa mmoja wa wanaojulikana zaidi. Kanda za Lufufu zilitufikia kutoka Dar es Salaam, na DJ wetu wa Katubuka alizisikiliza kama mwanafunzi anavyomsikiliza shehe wake.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Ridley Scott alipotoa Blade Runner mwaka 1982, wenye fedha walikuwa wamehofia kwamba watazamaji wa majaribio hawakuielewa, wakataka Harrison Ford asome masimulizi juu ya picha. Mwaka 1992 likatoka toleo lisilo na masimulizi hayo, na mwaka 2007 likatoka jingine ambalo Scott mwenyewe aliliita la mwisho. Mashabiki wengi wanakubaliana kwamba muvi ilipona siku ile sauti ilipoondolewa. Nami nakubali. Ninachokataa ni hukumu inayotolewa kutokana na kisa hicho, kwamba masimulizi huiua muvi. Ford alisoma maneno yaliyoagizwa na watu waliowaogopa watazamaji wao, akiwa studio, asimwone hata mmoja wao. DJ hasomi. Anazungumza na watu anaowafahamu, na akikosea anajua papo hapo kwa jinsi wanavyojigeuza kwenye mabenchi.

Kisa cha Star Wars kinaniuma zaidi. George Lucas aliitoa mwaka 1977. Mwaka 1997 aliirudisha kwenye kumbi ikiwa imeongezwa viumbe na picha za kompyuta, na mahali ambapo Han Solo alimuwahi adui yake Greedo kwa risasi pakabadilishwa ili Greedo afyatue kwanza. Ni haki ya msanii kurudia kazi yake. Wala sina shida na viumbe wapya. Shida ni kwamba toleo la kwanza liliwekwa kabatini. Lilitoka kwenye DVD mwaka 2006 kama nyongeza tu, na ilipofika Juni 2025 taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilipoonyesha nakala ya 1977 jijini London, lilikuwa tukio la kuandikwa magazetini. Na huyu ndiye Lucas aliyesimama mbele ya Bunge la Marekani mwaka 1988 kutetea filamu za zamani zisibadilishwe na wanaozimiliki.

Mlinganishe na DJ. Hakuwahi kukata picha hata moja. Hakumbadilisha anayefyatua kwanza. Sauti yake imekaa juu, ya asili iko chini yake, na mtazamaji anazisikia zote mbili, anajua ipi ya nani. DJ hujitaja jina mwanzoni, katikati na mwisho, kwa hiyo hakuna wa kudanganywa kwamba Schwarzenegger anajua Kiswahili. Muvi ya asili ilibaki salama kwa wenyewe. Lipo deni la fedha, nami silifichi: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu tafsiri yake, na mabanda hayakuwa yakiomba ruhusa. Deni hilo lingefaa lilipwe kwa leseni ambayo mtu wa Katubuka anaweza kuimudu. Lakini deni la fedha ni jambo moja, na kumwita mtu mharibifu ni jambo jingine.

Uganda mambo yaligeuka kabisa. Mwaka 2010 Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex?, muvi ya kikomando iliyotengenezwa kwa fedha kidogo sana, na VJ Emmie akaisimulia. Kompyuta ya Nabwana haikuwa na nafasi ya kutunza kila kazi, na toleo lisilo na VJ likapotea. Leo dunia nzima inaitazama muvi ile ikiwa na sauti ya VJ Emmie kwa sababu hakuna nyingine. Sauti iliyoongezwa ndiyo iliyobaki kuwa asili, na sijasikia mtu akiilalamikia.

Nikikumbuka hilo nawaza kanda zetu. Marekani wanalinda nakala za Star Wars kwenye vyumba vya baridi. Kanda za VHS za Lufufu na za wanafunzi wake ziko kwenye makabati ya Ujiji na Mwanga, chini ya vitanda, kwenye maboksi yanayonyonya unyevu, na ukungu mweupe ukishaingia kwenye mkanda deki huutafuna. Masimulizi ya papo kwa papo ya DJ wetu hayakurekodiwa kabisa. Zile zilizorekodiwa zinaweza kuokolewa mwaka huu: deki moja nzima, waya wa kuiunga na kompyuta, na mtu mwenye subira, kwa sababu kanda ya saa mbili huhamishwa kwa saa mbili. Chuo au maktaba yoyote yenye chumba kikavu ingeweza kuianza kazi hii bila kumsubiri mfadhili.

Ombi langu kwa atakayeianza ni kuhusu lebo. Asiandike jina la muvi tu. Aandike jina la DJ, mji, mwaka kama unajulikana, na DJ alifanyia kazi toleo gani. Terminator 2 iliyoonyeshwa kwenye kumbi mwaka 1991 ina dakika 137. Toleo refu lililotoka baadaye lina tukio ambalo Sarah na John wanalifungua fuvu la mashine na kubadilisha mpangilio wa ubongo wake ili iweze kujifunza. Kwenye toleo fupi tukio hilo halimo, mashine inasema tu kwamba kadiri inavyokaa na watu ndivyo inavyojifunza. DJ aliyepewa kanda fupi alikuwa na sentensi hiyo moja ya kuelezea kwa nini chuma kinaanza kuwa na utu. Nataka kusikia kila mmoja wao aliifanyia nini.