Gloria ya Kamina katika sinema

Wako wanaofikiri kwamba muziki wa sinema ni kelele tu, ya kujaza masikio wakati macho yanatazama. Si hivyo. Katika filme nzuri muziki ni kama shahidi: anakubali au anakana yale tunayoonyeshwa. Tupime neno hili kwa kazi moja iliyozaliwa katika nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1958, kule Kamina katika Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubeleji, alitengeneza Misa pamoja na korali ya watoto na waalimu wao, iliyoitwa Troubadours du Roi Baudouin. Ndiyo Missa Luba. Maneno yake ni ya Kilatini, yale yale ya Kanisa lote. Sauti zake zinatoka katika nyimbo za Waluba na za Kasai. Mmoja anaanza, wengine wanaitika, ngoma inawashika wote. Mengi waimbaji waliyatunga papo hapo, bila nota. Mwaka ule ule walizunguka Ulaya, nyimbo zikatiwa katika diske.

Mwaka 1964, Pier Paolo Pasolini, Mwitalia, Mmarksisti asiye na dini, alitoa filme juu ya Injili ya Matayo, akaiweka kwa ukumbusho wa Papa Yoane XXIII. Ndani yake tunasikia Bach, Mozart, wimbo wa Weusi wa Amerika, na Gloria ya Kamina. Bach na Mozart wamebeba mzigo wa huzuni. Lakini saa ya Ufufuko, kaburi likiwa wazi, wanaoimba ni watoto wa Katanga. Hakuna hotuba, na haikuhitajika. Hapa muziki umetii maneno yake: Utukufu kwa Mungu umeimbwa pahali pake.

Mwaka 1968, Lindsay Anderson wa Uingereza alichukua Sanctus ya Misa ile ile katika filme yake If...., iliyopata tuzo kubwa ya Cannes mwaka 1969. Kijana wa shule ya bweni anaipiga diske tena na tena, huku moyoni uasi unakua, mpaka mwisho ni risasi. Filme si mbaya. Inaonyesha vema ukali wa shule isiyo na upendo. Lakini Sanctus imekuwa humo sauti ya mbali tu, sauti ya pori na uhuru. Mtazamaji anasikia ngoma, hasikii sala. Ndiyo sababu tunamweka Pasolini mbele, ingawa hakusadiki.

Mtu atasema: Basi nyimbo takatifu zisiazimwe kwa sinema hata kidogo. Hatukubali. Kama zingefungiwa sakristiani, wangapi Ulaya wasingesikia kamwe jinsi Mwafrika anavyomsifu Mungu? Tusiulize wimbo umefika wapi. Tuulize kama maana yake imefika pamoja nao.

Liko neno moja linalotuuma. Mwenye kununua diske anajua jina la Padri Haazen. Majina ya watoto waliotunga kwa vinywa vyao, nani anayajua? Padri alifanya kazi njema, lakini hakuifanya peke yake.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika mwaka 1963, ulitaka muziki wa mataifa upewe heshima na nafasi katika ibada. Mwaka 1988 Roma ilikubali utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire. Mlango, basi, uko wazi. Hapa kwetu Kamanyola, katika bonde la Ruzizi, pahali Kongo, Rwanda na Burundi zinapokutana, korali haikosi sauti za Mashi, za Kifuliiru na za Kiswahili. Ninyi mafratri na makatekista, msikilize Gloria ile mara mbili: kwanza peke yake, kisha katika filme. Halafu mchukue daftari, mwandike nyimbo za wazee wenu, na kando ya kila wimbo jina la yule aliyewafundisha.